Mhariri, msimwambie yule kijana amnunulie mjusi wake mwenzake

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Kigoma, huku Kibirizi mwaloni. Naandika kuhusu lile jibu mlilotoa kwenye ukurasa wa vijana, yule kijana wa Dar aliyeuliza kwamba ana mjusi chui mmoja, wale wa njano wenye madoa meusi wanaoitwa leopadi geko, sasa amuongezee wa pili kwenye tanki hilohilo au amwache peke yake. Mkamjibu kwa mistari mitatu tu kwamba mnyama akikaa peke yake anapata upweke, amnunulie mwenzake, afu mkaweka na picha ya mijusi wawili wamelaliana mmoja juu ya mwingine na chini mkaandika marafiki. Hapana Mhariri. Hilo jibu linaweza kuua mjusi, na hiyo picha mliyoiweka ndo ushahidi wenyewe ila mmeusoma kinyume.

Mi sio daktari wa mifugo, niseme mapema. Nimekula ugali wangu kwenye biashara ya samaki wa mapambo, hawa tunaowatoa humu ziwani Tanganyika wanaenda kukaa kwenye vioo vya watu Ulaya na Marekani, na wateja wa samaki wengi ndo haohao wanaofuga mijusi, yaani unaanza naye kuongea bei ya Tropheus, samaki wa humu ziwani, unajikuta mmemaliza usiku mnaongelea mijusi. Kwa hiyo haya mambo ya nani akae na nani kwenye tanki moja nimeyasikia sana, na kwa upande wa samaki nimeyaona kwa macho.

Tuanze na hiyo picha. Mjusi hana joto lake la ndani kama mimi na wewe, joto analitoa nje, na mjusi chui hasa anapenda kulala tumbo lake likiwa limegusa kitu cha moto ili chakula kisagike. Kwenye tanki lililopangwa vizuri upande mmoja sakafu inakuwa kwenye nyuzi joto 32 hivi, upande wa pili umepoa, nyuzi 24 au 25, ili achague mwenyewe. Sasa matanki mengi yana sehemu moja tu ya moto na kijipango kimoja tu cha kujifichia juu yake. Ukiweka mijusi wawili hapo wote wanapataka palepale, na yule mwenye nguvu akimkuta mwenzake kashawahi anapanda juu yake tu. Huko sio kukumbatiana. Wa chini anabanwa, wa juu anakula joto, na binadamu anayepita na simu yake anapiga picha anasema jamani wanapendana.

Nawaelewa lakini mlikotoa hilo wazo la upweke. Sisi huku mtu akionekana anakula peke yake watu wanamuuliza kama anaumwa au kagombana na mkewe. Ila mjusi chui mama yake alitaga mayai akayafukia akaenda zake, hakuyaatamia wala hakuwasubiri watoto watoke, na mtoto siku anapotoka kwenye yai yuko mwenyewe, anajitafutia wadudu mwenyewe. Hajawahi kuwa na familia ya kuikumbuka. Kwao ni Pakistani, Afghanistani na kaskazini magharibi mwa India, kwenye nchi kavu za mawe mawe, na ni kweli wakati mwingine wanakutwa zaidi ya mmoja kwenye ufa uleule wa mwamba, hilo watu wanalileta sana kama hoja. Sawa, lakini kule anayechoka na mwenzake anatoka usiku anahamia jiwe lingine. Kwenye tanki lenye urefu wa sentimita 90 anahamia wapi? Na ujue sentimita 90 kwa 45 ndo wafugaji wengi sasa wanashauri kwa mjusi mmoja mzima, mmoja tu, ambaye mwenyewe anafika sentimita 20 mpaka 25 ukimpima na mkia.

Kuna mtu wa Kigoma atasoma hapa aseme wewe mzee mbona nyie ndo mnawaambia wateja wasiweke Tropheus wachache? Ni kweli tunawaambia. Tropheus ukiwaweka watatu kwenye kioo, mbabe anamchagua mmoja anamfukuza asubuhi mpaka jioni, hampi nafasi ya kula, na baada ya muda unaokota maiti, afu anaanza na aliyebaki. Dawa yake ni kuweka wengi, kumi na kitu au ishirini, ili ule ubabe ugawanyike asiwepo mmoja wa kubeba mzigo wote. Lakini yule ni samaki ambaye hata ziwani unamkuta kwenye mawe wamejazana, wanakula mwani pamoja. Hata hapohapo kwetu samaki frontosa wa mistari saba, huyu wa Kigoma anayesifika, huwezi kumpanga kama unavyompanga Tropheus, unaweka dume mmoja na majike kadhaa na kioo kikubwa. Mjusi chui ukimuongezea idadi hugawanyi ubabe wowote, unaongeza tu wagomvi na wagonjwa.

Sasa huyo wa pili ni nani? Hilo swali hamkumuuliza kijana na ndo lilitakiwa liwe la kwanza. Kama wote madume, hapo hakuna mjadala, watapigana, na sio kupigana kwa kutishana, wanang'atana shingo, wanang'atana miguu, mkia unakatika. Mkia wa mjusi chui sio urembo, ndo ghala lake la mafuta, humo kaweka akiba ya siku za njaa. Ukikatika unaota mwingine kweli lakini unakuwa mnene mfupi kama kitunguu, ndani hauna ile mifupa ya mwanzo, na mwili umetumia chakula kingi kuutengeneza. Dume unamtambua akishakua kidogo, mgeuze taratibu uangalie chini, juu kidogo ya tundu la haja utaona mstari wa vitundu umekaa kama herufi V, na chini ya tundu mwanzoni mwa mkia kuna vivimbe viwili. Jike hana hivyo vivimbe na vitundu vyake havionekani vizuri. Tatizo ni kwamba kwa vitoto bado huwezi kujua, na madukani wanaouzwa wengi ni vitoto, kwa hiyo muuzaji akikwambia hawa wote majike na wana mwezi mmoja, anakwambia anachotaka ununue.

Kama ni dume na jike basi umeanzisha uzazi, hata kama hukukusudia. Dume hatulii, kila usiku anamsumbua jike, anamng'ata shingo, na jike anataga mayai mawili mawili, mara kadhaa ndani ya msimu mmoja, kila mayai yanachukua kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake. Asipopewa unga wa kalsiamu na vitamini D3 vya kutosha mifupa inalainika, miguu inapinda, anaanza kutembea anatetemeka. Na usidhani ukiwatenganisha yameisha, jike anaweza kutunza mbegu za dume mwilini akaendelea kutaga mayai yenye uhai muda mrefu baadaye. Afu wale watoto utawapeleka wapi? Kuna kitu kimoja hapa kinanifurahisha mno, nitoke nje ya mada kidogo: mijusi hawa jinsia yao inaamuliwa na joto la mayai, ukiyaweka kwenye nyuzi 26 karibu wote wanatoka majike, ukiyapeleka 32 na nusu hivi madume ndo wanakuwa wengi, ukiyazidishia mpaka 34 majike wanarudi tena. Nilipoambiwa mara ya kwanza nikadhani mteja ananitania. Haya turudi.

Wanabaki majike wawili, na hapa ndo pagumu, sitaki kudanganya mtu. Wapo wafugaji wenye uzoefu wanaoweka majike wawili au watatu pamoja na wanakaa miaka bila damu kumwagika. Wapo kweli. Lakini damu sio kipimo. Ubabe wa majike mara nyingi hauna kelele, hakuna anayeng'ata, ni mmoja tu anakaa kwenye pango la moto siku nzima na mwingine anabaki upande wa baridi, wadudu wakiwekwa mmoja anawahi watano mwingine anaambulia mmoja, na yule wa pili akimuona mwenzake anatoka yeye anarudi kujificha. Ukiangalia kwa haraka unaona tanki limetulia. Na kuna wanaokaa vizuri mwaka, miaka miwili, afu usiku mmoja bila sababu unayoijua wewe asubuhi unakuta mkia uko peke yake.

Kuna familia moja rafiki zetu, walikuwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi, sasa wako Marekani, kijana wao nimemjua toka anatambaa. Huko shuleni kaiga wenzake anafuga mijusi chui, alinunua wawili kwa pamoja toka wadogo, kaambiwa wote majike, na kwa bahati muuzaji hakukosea. Siku moja akanitumia picha kwenye simu, wamelaliana kama hiyo yenu, na ujumbe: "Shikamoo baba mkubwa, unaona walivyoshibana, wamezoeana sasa." Nikamjibu marahaba mwanangu, nitumie picha ya mikia yao, ipigwe kutoka juu, mmoja mmoja. Akatuma. Mmoja mkia umejaa mnene kupita shingo, mwingine mkia mwembamba kama penseli, na ni umri uleule, tanki lilelile, chakula kilekile anachomwaga yeye mwenyewe. Nikamwambia huyo mwembamba ndo anayelala chini eh? Akanyamaza kidogo afu akaandika, "Ndio."

Alimtoa siku hiyohiyo, akamuweka kwenye boksi la plastiki lenye matundu ya hewa, karatasi za jikoni chini, pango lake, maji yake, moto wake. Akawa anampima kwenye ule mzani mdogo wa jikoni wa gramu. Uzito ukaanza kupanda, mkia ukajaa. Hakumpa dawa yoyote, alichoondoa ni yule rafiki tu.

Sasa Mhariri sikiliza hesabu hii maana kwangu ndo inamaliza ubishi. Kila mfugaji mzoefu anayekubali kuweka majike pamoja, ukimuuliza atakwambia lazima uwe na tanki la pili pembeni, tayari, na moto wake na mapango yake, siku wakikorofishana utenganishe saa ileile maana hutakuwa na muda wa kwenda dukani. Sawa. Kama tanki la pili lazima liwepo toka siku ya kwanza, na limelipiwa, si umuweke tu huyo wa pili humo? Unaliacha tupu la nini? Na kama pesa ya tanki la pili huna, basi pesa ya mjusi wa pili pia huna, kwa sababu mjusi mwenyewe ndo kitu rahisi kwenye hii shughuli yote. Huyu mnyama anaishi miaka 15 mpaka 20 akitunzwa, atakuwepo kijana wetu akiwa keshaoa. Kwa hiyo swali la kumuuliza yule wa Dar halikuwa mjusi wake ana upweke au hana, swali ni una nafasi na hela ya matanki mawili au huna. Akijibu anazo, afuge hata watatu, kila mmoja na chumba chake.

Na hata akiwa na matanki mawili asimlete mgeni akamuweka karibu na mwenyeji siku ya kwanza. Mgeni anaweza kuja na minyoo au kile kidudu cha tumbo wanachokiita kripto, ambacho kinamkondesha mjusi mpaka mkia unabaki kijiti na kukimaliza kwenye tanki ni kazi ngumu mno, na kinapita kwenye kinyesi, kwa hiyo wakikaa tanki moja wakala na kunywa pamoja mmoja akiwa nacho wote wamekwisha. Mgeni akae karantini chumba kingine, hata miezi miwili mitatu, vyombo vyake visichanganywe, unahudumia mwenyeji kwanza ndo unamalizia na mgeni, unanawa mikono. Sisi kwenye samaki tunafanya hivyohivyo na hakuna anayelalamika, lakini mjusi kwa sababu mmoja tu na anapendeza mtu anamtoa kwenye mfuko anamtumbukiza.

Niongeze kidogo kuhusu hali ya hewa maana wasomaji wa huku wanaweza kusema Kigoma joto lipo lenyewe. Mchana sawa, upande wa baridi wa tanki huku Kigoma unaweza usihitaji kitu. Lakini nyuzi 32 za sakafuni hazipatikani kwa kufungua dirisha, na ndugu zetu wa Tabora mwezi wa sita na wa saba usiku wanalala na blanketi mbili, mjusi wa huko asipowekewa moto anakula halafu chakula kinamuozea tumboni. Umeme ukikatika ndo usiseme. Na wakiwa wawili kwenye sehemu moja ya moto iliyopoa, ile vita ya kugombea joto inakuwa kali zaidi.

Kuna jambo lingine mlilipita kimya kwenye jibu lenu, kijana kampataje huyo mjusi? Simtuhumu, lakini kuingiza mnyama hai nchini kunataka vibali na kijana ahakikishe karatasi za huyo wa kwanza zipo kabla hajawaza wa pili. Kingine, msimpe mtu wazo kwamba akikosa mjusi chui wa kumpa mwenzake basi akamate wa porini. Kuna mjusi mdogo wa buluu kwenye msitu wa Kimboza kule Morogoro, anaishi kwenye mikadi, watu walimkamata kwa ajili ya biashara ya nje mpaka akafika hatua ya kutaka kutoweka kabisa, na mwaka 2017 akawekwa kwenye orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, orodha ile inayozuia kumuuza kimataifa. Na Mei 2016 serikali ilisimamisha kusafirisha nje wanyamapori hai. Kukamata na kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa, sheria ya wanyamapori ya 2009 ipo, na kumchanganya wa porini na wa dukani kwenye tanki moja ni kuwaambukizana magonjwa tu.

Kama kijana alishafuata ushauri wenu na wa pili keshanunuliwa, ninachowaomba mumwandikie kwenye ukurasa uleule, kwa herufi zilezile, ni hiki. Asisubiri kuona damu. Awatenganishe leo, boksi la plastiki lenye matundu linatosha kwa kuanzia ilimradi lina joto upande mmoja, maji, na pango lenye unyevu kidogo la kubadilishia ngozi. Asiweke kizuizi cha kioo katikati ya tanki moja akadhani katenganisha, eneo linakuwa dogo kwa wote wawili na wanaonana mchana kutwa. Awapime kwa gramu kila wiki siku ileile, aandike kwenye daftari. Awageuze aangalie V. Akikuta ni dume na jike na wamekaa pamoja siku hata chache, amuandalie jike boksi dogo la mchanga wenye unyevunyevu maana mayai yanaweza kuwa njiani, na kalsiamu isikosekane kwenye kisahani. Mwembamba apewe nyenje kwa kibanio, mmoja mmoja, ajue kala wangapi. Na akiona kinyesi cha maji au anatapika, daktari wa mifugo, sio kwenye grupu.

Hiyo picha nayo mkiirudisha, badilisheni maandishi. Andikeni tu kwamba tanki hili lina sehemu moja ya moto.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mzee wa samaki wa mapambo,
Kibirizi, Kigoma